Ekari 11 za Jjajja

Neno moja la Kiingereza liliingia Afrika Mashariki kwa milango miwili. Katika Kiswahili likawa maili, nalo hupima safari: kutoka Kampala hadi Entebbe, kutoka Mombasa hadi Malindi. Katika Luganda likawa mailo, nalo halipimi safari yoyote. Ukisema Buganda kwamba mtu ana mailo, unasema ana ardhi yenye hati, ana watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo na kumtambua kuwa mwenye ardhi, na mara nyingi ana ndugu wanaosubiri. Mimi nimekulia kati ya maneno haya mawili. Katika insha hii nataka kueleza jinsi mailo moja iliyoandikwa kwa jina la babu wa babu yangu ilivyopungua hadi kufikia ekari 11, na jinsi sisi jamaa zake tulivyojaribu kugawana hizo zilizobaki.

Chanzo cha mailo ni Mkataba wa Buganda, uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Kwa upande wa Uingereza alikuwepo Sir Harry Johnston. Kwa upande wa Buganda walikuwepo machifu pamoja na watu watatu waliotawala kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa bado mtoto mdogo: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kizito Kisingiri. Ardhi yote ya Buganda ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Kabaka alitengewa 350. Machifu 20 wa masaza walipewa kila mmoja maili 8 za kwake binafsi na nyingine 8 za cheo chake. Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alipata 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Maili 8,000 ziliwekwa kwa ajili ya machifu na wenye ardhi 1,000. Maili 9,000 zilizoitwa ardhi tupu, pamoja na misitu ya maili 1,500, zikawa chini ya serikali ya kikoloni. Hao 1,000 walipokuja kuhesabiwa vizuri wakawa zaidi ya 3,000, na kazi ya kupima ardhi yao iliendelea kwa zaidi ya miaka 30.

Kabla ya hapo wazee wa Buganda walikuwa na msemo: Omwami tafuga ttaka, afuga bantu. Maana yake ni kwamba chifu hatawali ardhi, anatawala watu. Chifu aliyemuudhi Kabaka aliondolewa, naye aliondoka bila kubeba shamba. Mwananchi ambaye hakuridhika na chifu wake aliweza kufunga mizigo yake na kuhamia kwa mwingine, kwa hiyo chifu mwenye busara aliwatunza watu wake wasimkimbie. Mkataba wa 1900 ulibadilisha jambo hilo. Chifu akapata hati, na hati haimkimbii mtu. Wakuu wengi wa koo, ambao haki yao ilitokana na makaburi ya wahenga wao, walikuta makaburi hayo yamo ndani ya hati za watu wengine. Katika miaka ya 1920 walilalamika hadi serikali ya Uingereza, tume ikaundwa kuwasikiliza, lakini ardhi hizo hawakurudishiwa. Wakulima nao walibanwa na kodi za wenye ardhi, mpaka Sheria ya Busuulu na Envujjo ilipoanza kutumika mwaka 1928. Sheria hiyo iliifunga busuulu, yaani kodi ya mwaka ya mwenye kibanja, kwenye shilingi 10, na ikamlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo.

Babu wa babu yangu hakuwa chifu mkubwa. Alikuwa mmoja wa wale wadogo, akapata mailo moja kaskazini mwa Kampala, upande wa barabara ya Gayaza. Maili moja ya mraba ni ekari 640. Kufikia miaka ya 1930 nusu yake ilikuwa imeuzwa: karo za shule, nyumba ya mabati, na, kama wazee wanavyosimulia wakicheka, pikipiki moja ambayo haikumaliza mwaka. Ekari 320 zilizobaki ziligawanywa kwa wana wanne, 80 kila mmoja. Mabinti hawakuandikwa. Baba yake Jjajja aliuza 20 katika zile 80, akaacha 60 kwa wana watatu. Jjajja akapata 20 zake. Aliuza 9 ili kusomesha watoto wake tisa, na sikuwahi kumsikia akijutia hata moja. Alipofariki mwaka 2023 alikuwa amebakiwa na ekari 11, na hakuacha wasia.

Hesabu hii si ya familia yetu peke yake. Msomi A. B. Mukwaya, aliyechapisha mwaka 1953 utafiti wake kuhusu umiliki wa ardhi Buganda chini ya taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alionyesha jinsi mauzo na mirathi vilivyozidisha idadi ya wenye ardhi na kupunguza ukubwa wa vipande vyao. Kila kizazi kinakata. Ukitembea leo kutoka Kalerwe kwenda Gayaza utaona matokeo yake kwa macho: kuta za matofali zikifuatana, kila moja imezunguka kiwanja cha futi 50 kwa 100. Hicho ndicho kipimo cha madalali wetu, na ekari moja hutoa viwanja vinane hivi baada ya kuacha njia.

Lakini hata hizo ekari 11 hazikuwa wazi. Ekari 6 zinakaliwa na familia nne za wenye vibanja, ambazo babu zao waliingia wakati wa baba yake Jjajja, wakampelekea kanzu kama desturi inavyotaka, wakalipa busuulu na kuzika wafu wao hapo. Ekari moja inachukuliwa na nyumba ya Jjajja, njia, na ebijja, yaani makaburi yetu. Zilizobaki huru zilikuwa 4, zenye migomba, mihogo na mifenesi mitatu.

Mwanafunzi mwenzangu asiyetoka Buganda huniuliza: kama hati ni yenu, wale watu wa vibanja ni nani? Jibu linahitaji historia tena. Mwaka 1975 Idi Amin alitoa amri iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma, na mailo ikageuzwa kuwa ya kukodi kwa miaka 99. Katiba ya 1995 iliirudisha ardhi kwa raia na kuitambua mailo kama mojawapo ya aina nne za umiliki. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1998 ikasema kwamba waliokaa kwa mujibu wa sheria ile ya 1928, na wale waliokaa bila kupingwa kwa miaka 12 kabla ya Katiba, wana haki ya kubaki. Mwenye hati akitaka kuuza, au mwenye kibanja akitaka kuuza, kila mmoja sharti amtangulizie mwenzake nafasi ya kununua. Kwa hiyo juu ya ardhi moja kuna haki mbili, moja ya karatasi na nyingine ya makazi. Hakuna anayeweza kuifuta haki ya mwenzake kwa kupuliza.

Turudi kwenye mirathi. Uganda ina sheria ya mirathi tangu mwaka 1906. Kwa muda mrefu mali ya mwanamume aliyekufa bila wasia iligawanywa hivi: wajane asilimia 15, wazao wake asilimia 75, ndugu waliomtegemea asilimia 9, na mrithi wa kimila asilimia 1. Mwanamke aliyekufa hakutajwa katika mgao huo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Law and Advocacy for Women in Uganda, ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa ni vya kibaguzi. Bunge lilichukua miaka 15 kuziba pengo. Marekebisho ya 2022 yanamhusu mwanamume na mwanamke sawasawa: mume au mke aliyebaki hupata asilimia 20, wategemezi 4, wazao 75, na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiuzwi juu ya kichwa cha mjane.

Hiyo asilimia 1 ndiyo inayoshangaza watu. Wengi katika ukoo wetu waliamini kwamba omusika, yaani mrithi anayesimikwa, hupata kila kitu au walau sehemu kubwa. Siku ya okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, baba mdogo alivikwa lubugo, nguo ya gome la mutuba, akapewa mkuki, akasimama mlangoni mbele ya wazee wa ukoo. Kuanzia siku hiyo yeye ni baba yetu. Bibi anamwita mume kwa mzaha, nasi tunampigia magoti kama tulivyompigia Jjajja. Lakini asilimia 1 ya ekari 11 ni ekari 0.11, eneo dogo kidogo kuliko kiwanja kimoja cha futi 50 kwa 100. Nilipolipiga hesabu hilo kwenye simu yangu nilirudia mara mbili.

Kikao cha mgao kilifanyika Desemba 2024, chini ya mfenesi ulio karibu na jiko. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kumbukumbu kwa sababu, kama baba mdogo alivyosema, "huyu ni mtu wa chuo kikuu, kalamu yake haichoki". Nilikaa kwenye mkeka na daftari langu, pamoja na wanawake. Kikao kilianza kwa sala, kisha baba mdogo akasoma orodha ya wazao ambayo ingepelekwa kwa mwenyekiti wa LC1, na kutoka hapo kwenye ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi na mahakamani.

Orodha ilikuwa na majina manne. Yalikuwa majina ya wana wa kiume walio hai. Jjajja alizaa tisa: wana watano na mabinti wanne. Mabinti hawakuwemo kwa kuwa "wameolewa, wana kwao". Baba yangu hakuwemo kwa kuwa alifariki mwaka 2014, miaka tisa kabla ya baba yake. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama, lakini nilisikia kimya chake.

Nilipiga hesabu pembeni ya daftari. Asilimia 75 ya ekari 11 ni 8.25. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja anapata zaidi kidogo ya ekari 2. Ukigawa kwa tisa, kila mmoja anapata ekari 0.92. Ugomvi wote wa siku ile ulikuwa ndani ya namba hizo mbili. Hakuna aliyehitaji kughushi hati wala kuhonga mtu. Ilitosha orodha kuwa fupi.

Nilipiga magoti nikaomba ruhusa. Nikasema, "Ssebo, baba, naomba kuuliza ili niandike sawasawa. Orodha hii ni ya watoto wa Jjajja, au ni ya wale wanaume walio hai?" Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kupoza. Baba mdogo akajibu kwamba ni ya wanaostahili. Nikasema kwamba sheria inawaita wazao, haisemi wana wala mabinti, na kwamba watoto wa mtoto aliyetangulia kufa husimama mahali pa mzazi wao. Nilikuwa nimekuja na nakala ya marekebisho ya 2022. Niliiweka mkekani, nikarudi kukaa. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, lakini niliyoyasema yalikuwa yamesemwa.

Kikao kiligawanyika pande tatu, na kwa haki ni lazima niseme kila upande ulikuwa na hoja.

Baba mdogo alitaka ardhi yote ipimwe viwanja, iuzwe, na fedha zigawanywe. Alisema ndugu wanaogawana udongo hupelekana mahakamani, lakini wanaogawana fedha hurudi nyumbani. Alisema pia kwamba wenye vibanja wanaweza kupewa kitu kidogo waondoke. Hakuwa mtu mbaya aliposema hivyo. Ana watoto sita na deni la benki, na kila mwezi dalali mmoja humpigia simu.

Baba mkubwa, kifungua mimba, anaishi Cardiff huko Wales, na amewahudumia wazee wa huko kwa miaka zaidi ya 20. Alishiriki kikao kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Yeye alipinga kuuza na alipinga kugawa pia. Alisema: "Huku mtu anarithi shamba kubwa kwa sababu babu zake hawakulikata. Ninyi mkikata kata, wajukuu wenu watarithi njia ya miguu." Alitaka ardhi ibaki kwa jina moja, la kifungua mimba, naye aitunze kwa niaba ya wote.

Maneno yake yalinikaa kichwani, na baada ya kikao nilikwenda maktaba kusoma kuhusu hiyo Wales. Nilichokipata kilinishangaza. Katika sheria za kale za Wales, zinazonasibishwa na mfalme Hywel Dda, ardhi iligawanywa sawa kwa wana wote wa kiume. Desturi hiyo iliitwa cyfran. Kitinda mimba ndiye aliyepata boma la baba, na wajukuu waliweza kugawana upya. Ilikuwa karibu kabisa na mambo ya kwetu, pamoja na mabinti kuachwa nje. Kisha sheria za mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, za mwaka 1536 na 1542, ziliiunganisha Wales na Uingereza na kuimaliza cyfran. Kifungua mimba akawa anachukua ardhi yote. Ndipo familia za mabwana wa huko zilipoweza kujenga mashamba makubwa kizazi baada ya kizazi, kwa kununua na kwa kuoa. Mikataba ya ndoa iliifunga ardhi isiuzwe: mjane alitengewa posho, mabinti na wadogo walipewa fedha, na shamba likaenda kwa mmoja. Mpaka sheria ya 1925 ilipoiondoa kanuni hiyo, Mwingereza mwenye ardhi aliyekufa bila wasia alirithiwa ardhi yake na kifungua mimba wa kiume. Maana yake ni kwamba hao waliotuletea hati mwaka 1900 walitoka katika nchi ambayo hati ilielekea kwa mtoto mmoja. Sisi tuliipokea hati yao, tukaendelea kuzaa na kugawa kwa desturi yetu.

Kwa hiyo baba mkubwa alisema kweli nusu. Mashamba ya Wales hayakukatwa. Lakini hayakukatwa kwa sababu wengi walitolewa nje ya hesabu, na waliolipa kodi za kuyategemeza ni wapangaji. Isitoshe, desturi ya Buganda haimtambui kifungua mimba kwa namna hiyo. Hata katika nyumba ya Kabaka, mwana wa kwanza hupewa jina la Kiweewa, na kwa desturi yeye si wa kukalia kiti. Nilimwandikia baba mkubwa barua ndefu ya heshima kumweleza hayo. Alijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, na sikujua kama ni kukubali au ni kunyamazisha.

Upande wa tatu ulikuwa wa Ssenga, dada mkubwa wa baba yangu. Aliolewa, akaachika, akarudi, na kwa miaka 15 ndiye anayefyeka ebijja. Anajua kila kaburi, hata yale yasiyo na saruji. Siku ya okwabya olumbe yeye ndiye aliyekuwa lubuga, dada anayesimama kando ya mrithi naye akiwa amevikwa lubugo. Alipopewa nafasi hakutaja sheria yangu hata kidogo. Alimtazama baba mdogo akasema: "Uliposimikwa nilisimama wapi?" Baba mdogo akajibu, "Kando yangu." Ssenga akasema, "Basi niandike hapo hapo."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko vifungu vyote nilivyobeba siku ile. Wanafunzi wa kizazi changu tumezoea kusema kwamba mila humnyima mwanamke na sheria humpa. Ni kweli mara nyingi, na orodha ile ya majina manne ni ushahidi. Lakini Ssenga alipata haki yake ndani ya mila ile ile iliyotumiwa kumfuta, kwa sababu mila ilikuwa imemweka mahali penye macho ya watu wote, na ukoo mzima ulikuwa umemwona. Sheria yangu ilifungua mdomo wa kikao, naye ndiye aliyekifanya kione haya.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuliacha. Luganda husema okugaba, Kiswahili husema kugawa. Ni kitenzi kimoja kwa asili. Lakini kwetu okugaba ni kutoa, kumpa mtu kitu kwa mkono wako, na mkarimu huitwa kwa neno hilo. Katika Kiswahili kugawa kumeelekea zaidi kwenye kukata vipande. Kikao chetu kilianza katika maana ya pili. Nadhani tulifika mahali fulani tulipoikumbuka ile ya kwanza, lakini si kwa wote na si kwa siku moja. Baba mdogo aliondoka kikaoni mara moja akiwa na hasira, akarudi baada ya chai. Kikao cha pili kilifanyika Januari, cha tatu Machi.

Makubaliano tuliyoyafikia ni haya. Orodha ina majina tisa, na mahali pa baba yangu tumesimama mimi na kaka zangu wawili. Ebijja imetengwa ipimwe peke yake na kupata hati yake, kwa majina ya wadhamini watatu: baba mdogo, mzee mmoja wa ukoo, na Ssenga. Nyumba ni ya Bibi hadi mwisho wa siku zake. Wenye vibanja waliitwa, wakaketi nasi. Familia tatu, zenye jumla ya ekari 4.5, zilikubali kuturudishia ekari 1.5 na kupata hati zao wenyewe kwa ekari 3 zinazobaki. Familia ya nne, ya mama mmoja mzee, ilikataa. Alisema yeye hana haja ya karatasi, anataka kuendelea kulipa busuulu kama mume wake alivyolipa. Ekari yake moja na nusu imeachwa kama ilivyo.

Hivyo za kugawana zikawa ekari 5.5. Asilimia 20 ni ya Bibi, ekari 1.1. Asilimia 4 imekwenda kwa binamu yangu yatima aliyelelewa na Jjajja. Kila nyumba kati ya tisa imepata ekari 0.458, sawa na viwanja vinne hivi. Na mrithi, mwenye mkuki na lubugo, mbali na fungu lake kama mtoto, kwa asilimia yake 1 amepata kipande kama nusu ya kiwanja. Alipoonyeshwa kwenye ramani aliuliza kama panatosha kujenga choo. Tulicheka, naye akacheka, na ndipo nilipoamini kwamba pengine tutapona.

Sitaki kumaliza kana kwamba kila kitu kimekwisha. Baba mkubwa hajasaini bado. Mpima ardhi anadai fedha ambazo hatujazikusanya, na kila hati mpya ina gharama zake. Kuna binamu wawili wanaosema wazi kwamba watauza viwanja vyao siku ile ile hati zitakapotoka, na hakuna kifungu kinachoweza kuwazuia. Waswahili husema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Pale kwetu madalali bado wanazunguka barabarani, na sina hakika wameshika kapu.

Ninachokijua ni kwamba wazee wa msemo ule waliona mbali. Ardhi ya Jjajja haikuwahi kuwa ekari peke yake. Ilikuwa ni orodha ya watu: walioizika, wanaoilima, waliozaliwa juu yake na kuolewa mbali, na yule mama anayekuja na busuulu yake amekunja noti ndani ya leso. Kwa vizazi vitatu familia yetu ilikata ardhi kwa wanaume pekee, na ardhi ikaendelea kupungua vile vile. Kuwafuta mabinti hakukuokoa hata ekari moja. Mgao wetu umetuachia vipande vidogo kuliko alivyotaka yeyote kati yetu, lakini kila anayestahili kuulizwa ameulizwa.

Wenzangu mnaosoma insha hii, wengi wenu mna Jjajja mwenye kipande mahali fulani, Masaka, Mukono, Luweero au hapa hapa Kyaddondo. Muulizeni angali hai. Mwombeni aandike wasia, na akishaandika, someni orodha ya majina kabla ya kusoma idadi ya ekari.